Chumvi Katika Darasa la Dansi

"Mwalimu," alisema Marcelino, "lori linaondoka mwisho wa mwezi ujao. Nikuandike?"

Manase Mligo aliendelea kufagia sakafu kana kwamba hakusikia. Marcelino alikuwa karani wa manamba. Kazi yake ilikuwa kuandika majina ya watu wanaokwenda kukata mkonge Tanga, na pale Makambako hakuna aliyejua kama yeye kuegemea mlango wa mtu mwenye shida.

"Mimi mkonge nimeukata miaka sita," Manase alijibu. "Sasa ninafundisha."

"Una wanafunzi wangapi?"

"Kumi na mmoja."

"Na wanaolipa?"

Manase akaongeza bidii ya kufagia, vumbi likamfuata Marcelino mpaka nje. Lakini karani alikwisha kusema alichotaka kusema, na Fidelia, mke wa Manase, aliyekuwa amekaa kibarazani akipukuchua maharage, alikwisha kusikia alichotakiwa kusikia.

"Baba Ema," aliita, "nimefikiri jambo."

"Wewe ukifikiri jambo, mimi hupata kazi."

"Safari hii kazi nitafanya mimi. Nipe kona ndani ya darasa lako niweke duka. Chumvi, viberiti, sabuni, mafuta ya taa. Wanafunzi wako wakishatoka jasho hukimbilia kwa Mwarabu kununua sigara. Kwa nini wasinunue hapa hapa?"

Manase aliegemeza ufagio ukutani. Nyumba ile aliijenga mwenyewe kwa fedha ya mkonge: matofali ya kuchoma, bati juu, na ukumbi mmoja mrefu usiokuwa na chochote ndani ila benchi na gramafoni. Mjini kote hakukuwa na darasa jingine la dansi, wala Njombe kwenyewe. Kuingiza sabuni humo aliona ni kama kufuga kuku kanisani.

"Darasa si gulio, Mama Ema. Fahari wawili hawakai zizi moja."

"Hawa si fahari wawili. Ni fahari mmoja na ng'ombe wa maziwa. Fahari ana sauti kubwa, ndiyo, lakini watoto watakunywa nini?" Akamwaga maharage kwenye ungo. "Mimi sikuolewa na barua za kutoka Tanga. Miaka sita inanitosha. Lori lile likiondoka nawe, usiniachie gramafoni. Niachie panga niivunje kuni."

Manase alijua kwamba mkewe hakutania, hasa kuhusu panga.

*

Leseni ya duka ilitolewa Njombe, Bomani. Walikwenda juu ya lori la magome ya miti ya miwati lililoendeshwa na Romanus, mwanafunzi wa Manase, na Manase alifunga tai tangu Makambako ili karani wa Boma ajue anazungumza na mtu wa namna gani. Walipofika, tai ilikuwa imegeuka rangi ya gome.

Karani alikuwa kijana wa Mjimwema mwenye kalamu mbili mfukoni.

"Duka liko wapi?"

"Ndani ya darasa," alisema Fidelia.

"Darasa la misheni?"

"La dansi."

Karani aliweka kalamu chini. "Mama, kitabu changu kina duka, kina hoteli, kina mashine ya kusaga. Dansi hakina."

Manase alijinyoosha. "Andika, Taasisi ya Dansi ya Makambako, pamoja na duka."

"Bwana, nafasi yenyewe hii hapa, unaiona? Neno 'duka' litaenea. Hilo jingine halienei." Akarudi kwa Fidelia. "Fedha ya kuanzia ni ya nani?"

"Yangu. Nimeuza nguruwe wawili."

"Basi leseni ni yako. Na huyu bwana ni nani katika biashara?"

Fidelia alimtazama mumewe, akaona tai, akamwonea huruma kidogo. "Huyu ni mwenye nyumba," alisema.

Karani akaandika. Njia nzima ya kurudi Manase alikuwa akiikung'uta tai, na walipopita mlima wa mwisho aliuliza, "Mwenye nyumba hulipwa kodi, sivyo?" na Fidelia akacheka mpaka akashika magome asianguke.

*

Ugomvi wa kweli ulikuwa juu ya mahali pa kuweka meza ya duka. Fidelia alitaka iwe karibu na mlango. Manase alikataa. Alikuwa na mpango, na mpango wenyewe ulimpendeza sana.

"Itakaa mwisho kabisa, kule ukutani. Sikiliza. Mtu anakuja kununua kiberiti. Anapita katikati ya darasa. Anaona watu wanacheza rumba. Anasimama. Anatamani. Akitoka na kiberiti, ametoka pia na jina lake kwenye daftari langu!"

"Au anamwagiwa mafuta ya taa."

"Mama Ema, biashara ni akili."

"Basi walau toboa mlango wa pili upande ule wa duka."

Hapo Manase alikataa kwa kidole. Ukumbi wa dansi aliojifunzia Tanga ulikuwa na mlango mmoja, na alikwisha kueleza watu wengi kwa nini: mlango mmoja, mtu mmoja wa kupokea ada, hakuna anayeponyoka. Fidelia alihesabu kimoyomoyo ni wangapi walioponyoka hata hivyo, lakini meza iliwekwa mwisho kule ukutani.

Majuma mawili ya kwanza mpango ulielekea kufaulu. Wanaume walinunua sigara, na wapita njia wawili wakaandikisha majina. Akina mama waliingia wakiwa wameziba midomo kwa kanga, wakipita ukingoni mwa ukuta na kucheka. Kilichowachekesha ni leso. Hakuna baba wa Makambako aliyekubali binti yake aende kushikwa kiuno na Manase, hivyo wanaume walicheza wao kwa wao, nusu yao wamefungwa leso nyeupe mkononi. Mwenye leso ndiye bibi. Walipokezana kwa zamu, na siku ya zamu yake hata Romanus, mwenye kifua kama pipa, alikuwa bibi na kusindikizwa mpaka kwenye benchi.

Jumatano ya tatu zamu ilimwangukia Danieli Mhongole, fundi cherehani. Danieli alikuwa mwanafunzi bora, mwembamba, mwepesi wa miguu, na mkewe Yudita alikuwa binti wa Bi Ida wa Kitandililo. Danieli na Romanus walikuwa katikati ya wolzi, gramafoni inalia, Manase anapiga makofi, "Moja, mbili, tatu! Danieli, usitazame miguu! Bibi hatazami miguu!"

Hakuna mchezaji aliyemwona mama mmoja wa makamo aliyeingia kutoka juani, kaniki begani, akapita ukingoni kama wenzake, akanunua chumvi kwa Fidelia, na sasa anarudi. Romanus alimzungusha Danieli kwa nguvu zake zote za kugeuza usukani, akamwachia. Danieli akaruka kinyumenyume, mikono imetandazwa kama mbawa, macho yamefumbwa kwa raha, akamkumba yule mama kwa mgongo. Chumvi ikamwagika. Wote wawili wakageuka. Wakatazamana uso kwa uso.

Alikuwa Bi Ida.

Sasa, katika nchi ile mwanamume hatazamani na mama mkwe wake. Akimwona njiani huingia majanini. Akisikia sauti yake uani hupita nyuma ya nyumba. Hali naye chakula, hampi mkono, na kumgusa ni jambo ambalo hata walevi wa ulanzi hawalifanyii mzaha. Naye Danieli alikuwa amemgusa kwa mgongo mzima, amevaa leso, katikati ya muziki.

Bi Ida alijifunika kaniki kichwani na kuketi chini pale pale. Danieli akatoa sauti kama ya mbuzi, na kwa kuwa mama mkwe alikuwa kati yake na mlango, alikimbilia upande wa pili, akajitupa nyuma ya meza ya duka, kati ya madebe ya mafuta ya taa.

Hapo ndipo mambo yalipokwama. Desturi inasema mkwe mwanamume ndiye anayepisha, na mama hanyanyuki mpaka aambiwe njia ni nyeupe. Lakini Danieli angepisha kwenda wapi? Ukumbi ulikuwa mwembamba, mlango mmoja, na mbele ya mlango ameketi Bi Ida kama jiwe la mpaka.

"Mwalimu," Romanus alinong'ona, "nizime gramafoni?"

"Usiiguse! Utakwaruza santuri!"

Basi wolzi ikaendelea mpaka mwisho, ndefu kuliko siku zote, na wanaume wengine wote wakiwa wameshika kofia zao kama wako mazikoni.

"Danieli," Manase aliita kwa sauti ya chini, "huwezi kupita dirishani?"

"Dirisha lina nondo, Mwalimu. Uliziweka mwenyewe."

Fidelia ndiye aliyetoka nyuma ya meza, akachukua jora la marekani lililokuwa la kuuzwa, akampa Romanus ncha moja, na ncha nyingine akamkabidhi mwanafunzi mwingine. "Simameni mbali. Inueni. Juu zaidi, nyie watu wa rumba!" Nyuma ya ukuta ule wa kitambaa Danieli alitambaa kwa magoti mpaka nje, na waliokuwa barabarani walimwona akikimbia kuelekea kwenye mashamba na leso yake mkononi.

"Mama, njia ni nyeupe," alisema Fidelia.

Bi Ida alijifunua. Akaitazama chumvi sakafuni, akamtazama Manase na viatu vyake vya rangi mbili. "Nilikuja kununua chumvi, mwanangu," alimwambia Fidelia. "Aibu ninayo ya kutosha nyumbani." Akaondoka.

*

Kesho yake wajomba wa Yudita walikuja wakamchukua, na godoro lake, mpaka aibu ipanguswe. Keshokutwa darasani walikuja wanafunzi wanne. Juma lililofuata hakuja mtu.

Manase aliwafuata mmoja mmoja. "Nisamehe, Mwalimu," alisema mwashi mmoja. "Mama mkwe wangu hununua mafuta ya taa kila Jumatatu." Mwingine alisema yeye ana mama wakwe wawili, na wote wanapenda chumvi. Hata Romanus, ambaye mama mkwe wake alikaa mbali Lupembe, alikuna kichwa: "Siku hizi wanasafiri, Mwalimu. Mimi mwenyewe nimewahi kumpakia lorini bila kujua. Alikaa nyuma na magome, mimi mbele sikugeuza shingo mpaka Njombe."

Akina mama nao walisimama nje ya mlango. "Fidelia! Tuletee huku!" Fidelia alitembea urefu wa ukumbi na kiberiti kimoja, akarudi kuchukua chenji, akaenda tena. Baada ya siku mbili hata hao walichoka kusubiri juani, wakaenda kwa Mwarabu.

Danieli alikuwa ameinamia cherehani yake Manase alipofika. Hakunyanyua uso.

"Nimekuja kukupa pole."

"Pole siipiki, Mwalimu. Jana nimekula ugali mbichi. Nimeupika mwenyewe."

"Tutalipa mbuzi."

"Tutalipa?" Danieli alisimamisha gurudumu la cherehani. "Mimi sikuweka duka mwisho wa ukumbi. Mimi nilifumba macho kwa sababu uliniambia nifumbe niisikie santuri."

Njiani kurudi Manase alikutana na Marcelino, ambaye hakumwuliza lolote. Alionyesha vidole tisa tu. Siku tisa.

Usiku ule Manase alijaribu kusema kwamba huenda duka ndilo lenye makosa, na likifungwa wanafunzi watarudi. Fidelia alimwacha amalize.

"Nani aliyeiweka meza kule?" aliuliza.

Manase alipunguza utambi wa taa.

"Nani aliyekataa mlango?"

"Mama Ema, nimesikia."

"Basi kesho vaa viatu vyako uende Kitandililo. Na Danieli uende naye. Biashara ni akili."

*

Kitandililo walipokelewa na Mzee Efraimu, mume wa Bi Ida, mzee wa kanisa mwenye ndevu fupi nyeupe. Danieli alikwenda kuketi nyuma ya ghala la mahindi, amewapa mgongo watu wote. Manase alitazama kushoto na kulia akitafuta kigoda. Hakuletewa. Akaketi chini juu ya magunzi, viatu vya rangi mbili vimenyooka mbele yake kama bidhaa.

"Kamwene, baba."

"Kamwene. Wewe ndiye mwalimu?"

"Ndiye."

"Wa kusoma na kuandika?"

"Wa dansi, baba."

"Ahaa," alisema Mzee Efraimu, kwa namna iliyomfanya Manase aone afadhali kupigwa kofi.

Bi Ida alikuwa ndani. Mazungumzo yalikwenda kwa adabu: yeye alisema kwa mumewe, mumewe akamwambia Manase, ingawa ukuta ulikuwa wa fito na kila mtu alisikia kila kitu.

"Muulize," sauti ilisema, "ile leso mkononi mwa mkwe wangu ilikuwa ya nini? Mimi nilimwoza binti kwa mwanamume."

"Anauliza leso ilikuwa ya nini."

Manase alieleza. Alieleza bwana na bibi, na zamu, na kwamba Danieli siku hiyo alikuwa bibi kwa saa moja tu. Mzee Efraimu alisikiliza kwa makini, ndevu zikamtetemeka.

"Kwa hiyo dansi inahitaji wanawake, na nyie hamna."

"Hatuna, baba."

"Wewe huna mke?"

"Ninaye."

"Naye anaijua dansi?"

Manase aliondoa gunzi moja chini yake. Miaka mitatu ya darasa, na hajawahi kumwuliza. "Anauza chumvi," alisema mwishowe.

Ndani ya nyumba mtu alicheka, na haikuwa sauti ya Bi Ida. Yudita naye alikuwa anasikiliza. Nyuma ya ghala Danieli aliisikia sauti ya mkewe, akanyoosha shingo kama jogoo, halafu akakumbuka alipo, akairudisha.

"Muulize nyumba ile aliijenga nani," alisema Bi Ida.

"Anauliza nyumba ile..."

"Mimi, mama. Kwa mikono yangu. Naleta mbuzi, mama. Nikikosa mbuzi leo, nitaleta mwezi ujao."

"Mwambie sitaki mbuzi. Mbuzi ataliwa siku mbili, na nyumba itabaki ile ile. Mwambie hata fuko, ambaye ni kipofu, huchimba milango miwili. Watu wote wa Makambako wana wakwe. Mtu gani anawakusanya watu wenye wakwe katika nyumba yenye mlango mmoja?"

Mzee Efraimu alimgeukia Manase. "Umesikia? Au nikuambie?"

"Nimesikia, baba."

"Mwambie atoboe mlango wa duka na ajenge ukuta katikati. Mlango ukionekana kutoka barabarani, binti atarudi kwa mumewe. Usipoonekana, atanilimia hapa. Na chumvi yangu bado naidai."

*

Manase alianza kubomoa siku ya pili, asubuhi. Tofali la kwanza lilikataa kutoka, kwa maana aliyelijenga alikuwa fundi mwenye kiburi. Aliligonga nusu saa. Lilipotoka alilishika mkononi, akaliona jinsi lilivyoiva vizuri, akalihuzunikia.

"Ulitaka nikushangilie?" Fidelia aliuliza.

"Mama Ema, hivi... ungependa kujifunza dansi?"

Fidelia alimtazama kana kwamba amesema Kijerumani. Kisha akaokota kile kitambaa alichokuwa akifutia meza, akajifuta jasho la shingoni. "Kwanza bomoa," alisema. Lakini siku ile yote alikuwa akiimba.

Danieli alikuja na sururu. Alasiri Romanus alikuja na mbao za masanduku. Matofali yaliyotoka kwenye tundu la mlango yaliinuliwa katikati ya ukumbi kuwa ukuta, na yalipopungua walimalizia kwa fito na udongo. Ukumbi ulipoteza theluthi yake. Rumba ilienea bado, ila wolzi sasa ilibidi ikate kona mapema. Manase alipima hatua mara tatu, akapata hasara ile ile mara tatu.

Siku ya saba mlango ulionekana kutoka barabarani, umepakwa rangi ya kijani. Siku ya nane Yudita alirudi, godoro kichwani. Alipita dukani kwanza akanunua sabuni, maana, alisema, amesikia mume wake amejifulia mwenyewe.

Siku ya tisa ilikuwa ya gulio. Kabla ya saa nne dukani palijaa akina mama, bega kwa bega, wakizungumza juu ya sauti ya gramafoni iliyotoka nyuma ya ukuta, ambako wanaume sita walikuwa wamerudi wakijizoeza bila mwalimu. Mwalimu alikuwa amesimama nyuma ya meza, mikono imejaa unga wa chumvi, kwa sababu Fidelia peke yake hakuweza. Bi Ida alikuja akapimiwa, naye Manase akaongeza kiganja. Bi Ida akakitazama kile kiganja, akaongezewa kingine.

Lori la manamba lilisimama barabarani likiunguruma, vijana wamekaa nyuma na mablanketi yao. Marcelino akashuka na daftari, akachungulia mlango wa kijani, akasongwa na akina mama mpaka kofia ikakaa upande.

"Mwalimu! Nafasi imebaki moja. Nikuandike?"

Manase alinyanyua uso. Alitaka kusema neno zito, neno la mtu mwenye taasisi, lakini mama mmoja alikuwa anamvuta mkono akidai kiberiti chake, na neno likapotea. Fidelia ndiye aliyejibu, bila kugeuka, akimimina mafuta ya taa kwenye chupa.

"Mwandike mwingine, Bwana Marcelino. Huyu ana kazi."

"Kazi gani? Si Mwalimu huyu?"

"Mpaka saa kumi anapima chumvi. Baada ya saa kumi, ndiyo, ni Mwalimu."

Akina mama wakaangua kicheko. Manase aliona masikio yake yanapata moto. Nje lori lilipiga honi mara mbili, na Marcelino akatoka akiinyoosha kofia.

"Nani alikuwa anafuata?" Manase aliuliza, akainama kufungua gunia la pili.